Maji meusi ya nyonga ya chuma: ninavyotofautisha vumbi na bakteria

"Maji yakiwa kijivu na mazito, huo ni usaha, anza antibiotiki." Ushauri huu kuhusu maji yanayovutwa kwenye kiungo unaniudhi sana pale mgonjwa anapokuwa na nyonga bandia ya chuma kwa chuma, yaani tufe na kikombe chake vyote ni chuma. Antibiotiki zikishaanza, majibu ya kuotesha bakteria hayaaminiki tena mpaka zisimamishwe angalau wiki 2.

Maji hayo yanaweza kukosa bakteria kabisa. Kobalti na kromi, metali za nyonga hiyo, zikisagika hutoa vumbi la kipimo cha nanomita. Makrofeji, seli za kinga zinazomeza uchafu, hulimeza, kobalti huziua, vumbi linamwagika, nyingine zinakuja kulimeza upya. Limfosaiti, seli nyeupe nyingine za kinga, nazo huingia kazini, tishu zinakufa, na CRP, kipimo cha damu cha uvimbe mwilini, inaweza kupanda bila maambukizi yoyote. Ila wanaosema "ni chuma tu" nao wasishangilie: tishu mfu haifikiwi vizuri na damu, hivyo kinga na dawa hazifiki, na bakteria hupata pa kujibanza. Vumbi na maambukizi hukaa pamoja bila shida.

Kichekesho ni mashine ya kuhesabu seli. Mabonge ya vumbi, vipande vya seli zilizokufa na nyuzi za fibrini (protini ya kugandisha damu), vyote inaviandika kuwa seli nyeupe. Inatoa maelfu kwa kujiamini. Ukiweka tone lilelile kwenye hadubini, seli zenyewe za kutafuta. Ndiyo maana nahesabu kwa mkono. Maji yanaingia kwenye chupa ya EDTA, dawa ya kuzuia kuganda, nayazimua kwa salaini. Kamwe si asidi ya asetiki iliyozoeleka kwa damu: inagandisha maji ya kiungo na hesabu inakufa hapohapo. Kisha chemba ya Neubauer, kioo chenye miraba ya kuhesabia seli, halafu slaidi iliyopakwa rangi. Seli nyeupe zikizidi 3,000 kwa mikrolita na nyutrofili, zile zinazopambana na bakteria, zikafika 80%, nashuku bakteria. Limfosaiti zikitawala, nageukia chuma. Seli zikiwa zimesagika hazitambuliki, naandika "haihesabiki". Wapo wanaonuna, namba ya uongo siandiki.

Stripu ya mkojo inasaidia pia kupima esterasi ya seli nyeupe (kimeng'enya chao), ila weusi wa chuma huficha rangi yake. Zungusha maji kwenye sentrifuji dakika chache, dondoshea yale ya juu tu. Kipimo cha alfa-defensini, protini inayotolewa na nyutrofili, usikitegemee peke yake, chuma hukidanganya.

Wakati wa upasuaji naomba vipande 5 vya tishu, kila kimoja kwa kifaa chake safi, na viachwe vioteshwe siku 14, maana Cutibacterium acnes, bakteria wa ngozi, haina haraka. Bakteria yuleyule akiota kwenye viwili, ni maambukizi.

Damu ya kupima kobalti itolewe kwa kanula ya plastiki, mililita 5 za kwanza zimwagwe, kwa sababu sindano ya chuma inaweza kuchafua sampuli. Uingereza ilichukua mikrogramu 7 kwa lita kama kiwango cha kumfuatilia mgonjwa kwa karibu. Namba hiyo inaeleza usagikaji, bakteria haiwajui.