Saa nane usiku

Nilikuwa kidato cha pili, shule ya bweni huko Lushoto, na mwezi wa Julai baridi ya milimani inakufuata hadi ndani ya blanketi. Saa nane usiku niliamshwa na maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto, yakishuka hadi kwenye korodani. Nikatapika pembeni ya kitanda. Patroni alipokuja na tochi nikamwambia, "Tumbo linaniuma." Lile neno jingine halikutoka. Nilikuwa na miaka 14, na bweni zima lilikuwa limeamka linanitazama.

Saa mbili asubuhi nikapelekwa zahanati. Hapo ndipo nilipovua. Korodani ya kushoto ilikuwa imevimba, imepanda juu kuliko mwenzake, ngozi imeanza kupata joto. Tabibu alinihurumia, hilo nalikumbuka. Akasema ni maambukizi, akanipa antibayotiki na vidonge vya maumivu, nikarudishwa bwenini. Hakuniuliza kama yalianza ghafla. Yalianza ghafla, kama mtu aliyepigwa teke usingizini, na swali hilo moja lingetosha kunikimbiza kwa daktari wa upasuaji.

Kesho yake saa nne asubuhi Baba alinifikisha hospitali. Daktari alipitisha kidole taratibu upande wa ndani wa paja la kulia. Korodani ya kulia ikajivuta juu. Akafanya vilevile kushoto. Haikutikisika. Akarudia. Kisha akamgeukia nesi, akamwambia aandae chumba cha upasuaji sasa hivi.

Jioni alikuja kuniona. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akaukunja mpira wa dripu yangu kwa vidole viwili. Matone yakakoma.

"Ndivyo ilivyokuwa, mwanangu. Korodani ilijisokota, mishipa yake ikajikunja hivi, damu ikashindwa kupita."

Nikamuuliza kuhusu yale maambukizi. Akatikisa kichwa. Ule wekundu na joto havikuletwa na vijidudu, alisema. Nyama iliyokosa damu inaanza kufa, na mwili unakimbiza chembe nyeupe za damu pale kana kwamba pana adui. Uvimbe unaongezeka, unazidi kubana mishipa iliyokwisha kubanwa. Hata daktari akiinyoosha, damu inaporudi inaleta chembe hizo kwa wingi, nazo zinaharibu hata kile kilichosalia hai. Ndiyo maana saa zinahesabiwa: ndani ya saa 6 nyingi huokolewa, zikipita 24, ni chache mno. Yangu aliikuta nyeusi, akaitoa. Ya kulia aliishonea mahali pake isije ikajisokota nayo, kwa kuwa umbile linaloiacha korodani ining'inie huru mara nyingi liko pande zote mbili.

Nimemwazia sana yule tabibu wa zahanati. Uvimbe ulimdanganya, nami nikamsaidia kudanganyika kwa kusema tumbo. Lakini mvulana mwenye maumivu ya ghafla ya korodani hapewi vidonge akarudishwa kulala.

Baba alikuwa amesimama dirishani muda wote huo, kofia mkononi.

"Ilianza saa ngapi, hasa?"

"Saa nane usiku, Baba. Usiku wa kuamkia jana."

Akaanza kuhesabu kwa vidole, midomo ikicheza bila sauti. Mkono wa kwanza ukaisha, ukaisha wa pili, akarudia wa kwanza.