Mkate Chini ya Mretemu

Somo: 1 Wafalme 18:46 – 19:8

Bwana asifiwe, wapendwa.

Kijana mmoja wa ushirika wetu hapa Nakuru (ameniruhusu niwaeleze) hupanda Menengai mbio kila Jumamosi alfajiri. Sisi wengine tukifika nusu ya mlima tunashika kiuno. Majuzi alinivuta kando baada ya ibada: hapati usingizi. Akijilaza tu, moyo unamdunda. Usiku mmoja saa yake ya mkononi ilionyesha mapigo 52 kwa dakika, akajua ndio unazimika. Wiki tatu anakesha vidole vikiwa shingoni, hata mama yake hajui. Mkimbiaji ataanzaje kusema anaogopa moyo?

Nikamkumbuka nabii Eliya. Tunapenda kuhubiri moto ulioshuka Mlima Karmeli, mstari wa mwisho wa sura tunauruka: alipiga mbio mbele ya mfalme Ahabu mpaka mji wa Yezreeli, zaidi ya kilomita 20. Hiyo ni miguu! Sura inayofuata, ujumbe mmoja tu wa Yezebeli, mke wa Ahabu, wa kutishia kumuua, na mwanamume huyo huyo yuko chini ya mretemu, kichaka cha jangwani, akiomba kufa.

Hakukemewa. Hakuulizwa imani imeenda wapi, swali ambalo sisi wazee wa kanisa tuna haraka nalo. Naungama, lilinifika mdomoni. Aliguswa na malaika, akapewa mkate uliookwa juu ya makaa na maji, akalala tena. Akaguswa mara ya pili, ale. Mazungumzo yake na Mungu kwenye mlima Horebu yalingoja siku 40.

Basi nikamuuliza kijana analala kiasi gani, anakunywa nini. Masaa manne; na mitihani hii, makopo mawili ya vinywaji vya kutia nguvu kila siku. Jumatatu nikamsindikiza hospitalini, akabandikwa nyaya kifuani, mistari ikachorwa. Moyo mzima. Daktari akamweleza kwamba moyo wa mtu aliyetulia hupiga kati ya mara 60 na 100 kwa dakika, ila wa mkimbiaji hushuka chini ya hapo kwa kuwa kila pigo linasukuma damu nyingi. Ule mdundo wa usiku? Hofu humwaga adrenalini, homoni ya mshtuko, moyo unakwenda mbio, naye akiusikia anaogopa zaidi.

Lakini ukizimia ukikimbia, ukibanwa kifua mazoezini, au kwenu kuna aliyeanguka ghafla akafa akiwa kijana, usingoje kesha la Ijumaa. Nenda upimwe. Tutaomba tukiwa kwenye foleni.

Jana saa saba usiku simu ikalia. Ni yeye, moyo unadunda tena. Nikamuuliza kama amekula.

Hakuwa amekula.