Kile kiplastiki cha mjomba ndani ya LNB

Nina miaka kumi na moja nilichapwa kwa sababu ya kipande cha plastiki, na sio kuchapwa kwa kutishwa, nilichapwa kweli. Mjomba wangu alikuwa fundi madishi hapa Ngamiani, Tanga, enzi zile dishi ni lile sinia la futi sita linakaa juu ya bati limeangalia mbinguni, na mi ndo nilikuwa natumwa kupanda, yeye yuko chini anapiga kelele "sogeza kidogo! rudisha! we rudisha bwana!" Sasa siku moja kapumzika kwenda kunywa kahawa barazani, mi nikafungua mdomo wa LNB, kile kidude cha mbele ya dishi kinachopokea mawimbi, nione kuna nini. Nikakuta kibao cheupe kimekaa kiupande ndani ya tundu, hakijafungwa waya wala skrubu, kimebanwa tu. Nikasema hii takataka, nikachomoa.

Picha ikaanza kukatika vipande vipande afu ikapotea kabisa, na mwenye nyumba alikuwa kaalika watu kuangalia mpira.

Kile kibao mjomba alikikata mwenyewe kwa msumeno wa chuma, kutoka kwenye ubao mweupe wa plastiki wa kukatia nyama, akakipiga tupa pembeni mpaka kikaingia. Nilimuuliza kinafanya nini akanijibu "kinanyoosha mawimbi, acha maswali". Miaka yote nikajua ananizingua. Kumbe alikuwa amesema kweli tupu, na ndo maana naandika hii posti.

Iko hivi. Chukua kamba funga kwenye mnazi, shika huku mwisho. Ukiichezesha juu chini, wimbi linakwenda limesimama hivyo hivyo juu chini. Lakini ukizungusha mkono kama wale watoto wanaozungusha kamba mwenzao aruke, kamba yote inajikunja kama skrubu, na skrubu inaweza kuwa ya kulia au ya kushoto. Mwanga na mawimbi ya redio nayo ni hivyo hivyo. Mfaransa Augustin Fresnel ndiye aliyeugawa mwanga kwa majina, mwaka 1822, ule wa kunyooka na ule wa mduara, kabla hata redio haijawazwa na mtu.

Sa satelaiti nyingi za zamani za C-band, yale masafa ya madishi makubwa, zinarusha mawimbi ya kuzunguka, na LNB ina kisindano ndani kinachokamata mawimbi ya kunyooka tu. Ukiweka hivyo hivyo unapata nusu ya nguvu, nusu nyingine inapotea bure, na kwa dishi la futi sita lenye mabonde nusu ni picha au hakuna picha. Kile kibao kikiwekwa mshazari, nyuzi 45 na kisindano, kinafanya ujanja: wimbi la kuzunguka ukilichambua ni mawimbi mawili ya kunyooka, moja limechelewa robo ya mzunguko nyuma ya mwenzake. Plastiki inalichelewesha moja kati ya hayo robo nyingine, kwa hiyo sasa ama yanakwenda pamoja ama yanapingana kabisa, na jumla yake ni wimbi lililonyooka linaloangukia sawasawa kwenye kisindano. Wimbi lenyewe urefu wake ni kama sentimita 7 na nusu, sio kitu cha hadubini, ndo maana ubao wa nyama unatosha.

Na kwa nini wahangaike kuzungusha? Kwa sababu juu kule kuna tabaka la hewa lenye umeme, na wimbi la kunyooka likipita hapo linapindishwa, unaweza kurusha lililosimama likafika limeinama. La kuzunguka ulipindishe vipi? Linazunguka tayari. GPS nayo ni hivyo, satelaiti ziko kama kilomita 20,200 juu, zinarusha kwenye 1575.42 MHz skrubu ya kulia, ndo maana mvuvi wa Sahare anaweza kuitupa simu yake ndani ya boti imelala kifudifudi na bado ikajua iko wapi.

Sasa utamu wenyewe. Rafiki yangu wa Dar alinipa miwani ya 3D, ile ya plastiki ya sinema. Nikaivaa nikasimama kwenye kioo nikafumba jicho moja. Jamani. Jicho lililofumbwa naliona vizuri kabisa, lile lililo wazi, ambalo ndo naangalia nalo, lensi yake nyeusi tii! Nikabadilisha jicho, nayo ikabadilika. Sababu ni kwamba lensi moja inapitisha skrubu ya kulia tu, nyingine ya kushoto tu, na kioo kinageuza skrubu. Mwanga ukitoka kwenye lensi ya skrubu ya kulia unaenda kwenye kioo na kurudi ukiwa wa kushoto, lensi yake yenyewe inaukataa kama mwana aliyerudi na sura ya mtu mwingine.

Hilo jambo dogo la kugeuka wanasayansi wamelitumia mpaka basi. Bahari ni kioo pia, GPS ya kulia ikigonga maji inarudi juu ya kushoto, na mwaka 2016 NASA walirusha visatelaiti vinane vinaitwa CYGNSS, kazi yao kusikiliza huo mrudio wa kushoto. Bahari ikitulia mrudio unakuwa safi, ikichafuka unatawanyika, na kwa hapo wanakadiria upepo hata ndani ya kimbunga penye mvua nzito. Sisi tuliokuwa hapa pwani Mei 2024 Hidaya anapita hatuhitaji kuelezwa umuhimu wake.

Au sayari ya Zebaki. 1991 walirusha rada kutoka Goldstone kule California, wakasikiliza kwa madishi 27 ya VLA, darubini ya redio iliyoko New Mexico. Mawe ya kawaida yanarudisha wimbi limegeuzwa. Ncha ya kaskazini ikarudisha wimbi kali ambalo sehemu kubwa HALIJAGEUZWA, na hiyo ni tabia ya barafu, wimbi linaingia ndani linagongana huku na huku kabla ya kutoka. Barafu! Kwenye sayari iliyo jirani na jua! Imejificha kwenye mashimo yasiyofikiwa na mwanga.

Na kuna yule mdudu wa kwenye matumbawe, jamii ya kamba, Wazungu wanamwita mantis shrimp, ana ngumi za kuvunjia makombe, macho yanachezacheza juu ya vijiti. Bahari yetu anaishi. Mwaka 2008 watafiti waliandika kwamba anaona mwanga wa kuzunguka na kutofautisha kulia na kushoto, kwa sababu ndani ya jicho ana seli inayochelewesha robo. Yani kibao cha mjomba, ila chake kinafanya kazi kwa rangi karibu zote. Cha mjomba ni C-band tu.

Juzi nimeenda kumsalimia mjomba, mzee sasa, nikambebea na miwani. Kasimama kwenye kioo cha kabati, kafumba, kafumbua, kafumba. Kimya. Nikamwambia kioo kinageuza, kulia inakuwa kushoto. Akaingia chumbani akarudi na daftari lake la kazi, lile la jalada gumu. Kila satelaiti ina ukurasa, pembeni ya "kulia" kaandika kwa biki nyekundu KINYUME, kila mahali KINYUME, KINYUME. Miaka ishirini akifuata mchoro wa kitabu hapati kitu, akigeuza kibao picha inakuja, akawa anasema waliochora kitabu walikuwa wamelewa.

"Mpwa wangu," akasema, "dishi nalo si kioo?"

"Ndiyo mjomba."

Akavua miwani. "Basi na kitabu kilikuwa sahihi, na mi nilikuwa sahihi." Akaniangalia. "Ila we kuchomoa, hilo hujasamehewa."