Kabla ya Kuingia Bwawani

Tangu watoto wangu waanze kujifunza kuogelea katika bwawa moja huku Raskazone, Tanga, mazungumzo ya nyumbani kila Jumamosi jioni yamekuwa yaleyale: ngozi ya mdogo imepauka hadi magotini, nywele za dada yake zimekakamaa, na bibi yao, aliyekulia Pangani na kuogelea baharini miaka yote bila kofia wala miwani, anauliza kwa nini tunalipa kiingilio ilhali bahari ipo na haina mlango. Humjibu kwamba bwawani kina kinajulikana, maji hayapwi wala hayana mkondo, na mwalimu anawaona watoto wote kwa jicho moja. Hilo analikubali. Asilolikubali ni klorini, ambayo kwake ni dawa ya kufulia mashuka, na haoni kwa nini mjukuu wake atumbukizwe humo.

Nimelifikiria sana neno lake, kwa sababu si yeye peke yake anayeogopa. Akina mama tunaokaa kwenye benchi kusubiri watoto huizungumzia klorini kana kwamba ni sumu iliyowekwa kwa bahati mbaya, tukisahau kwamba hata maji ya bomba tunayokunywa hapa Tanga, yanayotoka bwawa la Mabayani kwenye mto Zigi, hutiwa dawa kabla ya kutufikia. Tofauti ni kipimo. Kwa maji ya kunywa, Shirika la Afya Duniani hutaka klorini iliyosalia isipungue miligramu 0.2 kwa lita yanapomfikia mtumiaji, na kwa bwawa la kuogelea kiwango cha kawaida ni miligramu 1 hadi 3. Bila hiyo, maji wanayochezea watoto kumi na tano juani yangekuwa njia nyepesi ya kuambukizana kuhara na magonjwa ya masikio. Kwa hiyo mimi siitaki klorini iondoke, ila nataka iingie kidogo iwezekanavyo katika nywele na ngozi ya wanangu, na nimefikia kuamini kwamba kazi hiyo hufanyika zaidi kabla ya mtoto kugusa maji kuliko baada ya kutoka.

Unywele umefunikwa na magamba madogo sana yaliyolaliana kama makuti ya paa, na juu yake hupita mafuta yanayotoka kichwani. Klorini huyaondoa mafuta hayo, kisha hushambulia unywele wenyewe, magamba yakainuka na unywele ukawa mkavu na mwepesi kukatika. Nywele zetu za kipilipili huumia upesi, kwa kuwa mafuta ya kichwani hayawezi kuteremka kwa urahisi kwenye unywele uliojiviringa, na kwa hiyo ncha zake huwa kavu hata kabla ya kuona bwawa. Ngozi nayo hupoteza mafuta yake kwa njia hiyohiyo, na ya mtoto ni nyembamba kuliko yetu na hupoteza maji upesi. Mtoto mwenye ukurutu, kama huyu wangu mdogo, huanza kujikuna akiwa bado njiani.

Siku moja niliwahi kufika mapema nikamkuta mzee anayetunza bwawa amechuchumaa ukingoni na kijisanduku cha plastiki chenye mirija miwili. Baada ya shikamoo na marahaba, aliniruhusu nitazame. Alichota maji chini kidogo ya uso wa bwawa, akadondosha matone ya dawa moja katika mrija wa kwanza, maji yakageuka manjano, na katika mrija wa pili akadondosha dawa nyingine, yakawa na wekundu wa juisi ya rozela. Aliiinua mirija yote miwili kwenye mwanga, akalinganisha rangi na vipande vilivyochorwa pembeni. Manjano humwambia klorini ni kiasi gani, na wekundu humwambia maji yameelemea upande wa asidi au wa magadi, kipimo kinachoandikwa pH na ambacho hupendelea kibaki kati ya 7.2 na 7.8. Kikipanda sana, klorini hupoteza nguvu, na kikishuka sana macho na ngozi huwasha. Aliniambia dawa huitia jioni watu wakishaondoka, kwa sababu jua huila.

Nilimuuliza kuhusu ile harufu kali inayotupiga puani siku za watu wengi, nikidhani amezidisha dawa. Akacheka. “Mama, ile si dawa, ile ni watoto wako.” Alikuwa na haki ya kucheka. Klorini ikikutana na jasho na mkojo huzaa kloramini, na hizo ndizo zenye harufu ile, ndizo zinazoyafanya macho yawe mekundu na kifua kikereketwe. Mtoto anayeoga japo dakika moja kabla ya kuingia huacha bombani sehemu kubwa ya uchafu huo, na klorini hubaki na kazi yake halisi.

Tangu hapo, mabomba yaliyo kando ya bwawa nayathamini kuliko bwawa lenyewe. Binti yangu husimama chini ya maji hadi nywele zilowe kabisa, si juu juu, maana unywele ulioshiba maji safi hubaki na nafasi ndogo ya kunywa maji ya bwawani. Kisha humpaka mafuta ya nazi kidogo, nikianzia kwenye ncha, namfunga mabutu mawili yaliyolala na kumvika kofia. Kofia haizuii maji yote, lakini huyapunguza na huzuia nywele kusuguana. Za mpira wa kawaida huvuta nywele za pembeni hadi mtoto akalia, na zile laini za silikoni hupita kwa upole, hivyo nadhani bei yake ni halali. Nasisitiza mafuta yawe kidogo na yabaki ndani ya kofia, kwani mzee wa bwawa ana malalamiko yake kuhusu akina mama wanaompaka mtoto akang'ara mwili mzima: mafuta yale huelea, yakaganda ukingoni na kuziba chujio, kisha yeye ndiye anayesugua.

Wakitoka, huwarudisha bombani papo hapo, kwa sababu klorini iliyokauka mwilini bado inaendelea na kazi. Sabuni iwe laini, nywele zioshwe vizuri na kutiwa dawa ya kulainisha, na mdogo humpaka mafuta ya mgando ngozi ikiwa bado na unyevu, ili maji yafungiwe ndani. Linalosahaulika ni nguo ya kuogelea. Watoto wengi hupandishwa bajaji wakiwa wameivaa mbichi, kanga imefungwa juu, na kitambaa kilichoshiba maji ya bwawa kinawakalia mapajani hadi Ngamiani. Mimi huivua kwanza, nikaisuuza na kuikamua, ndipo twende. Ngozi ya mdogo ikiwa imepasuka au imetoa majimaji, wiki hiyo haogelei, hata akilia.

Kwa sasa mgogoro wetu ni wa rasta. Binti anataka asukwe kwa ajili ya harusi ya mama yake mdogo, na bibi yake yuko upande wake. Nywele za bandia zilizosukwa pamoja na zake hushika maji ya bwawa kwa saa nyingi, haziingii kofiani, na mizizi hubaki na unyevu uliojaa klorini nisioweza kuufikia kwa kusuuza. Tumekubaliana asukwe masomo ya kuogelea yakisimama kwa likizo, na kabla ya hapo abaki na mabutu. Bibi amesema mafuta ya nazi atayakamua mwenyewe, kwa kuwa yale ninayonunua sokoni hayaamini.