Sigaa zangu zilikuwa chungu. Kosa lilikuwa kwenye kipimo

Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikilinganisha sigaa mbili, Montecristo No. 4 ya Kuba na Padrón ya Nikaragua, na kila mara zote mbili zilinipa uchungu uleule. Zilikuwa nzito kuvuta, moto ukienda upande mmoja tu. Nikaanza kuwalaumu waliozisokota, kumbe nawaonea.

Naishi Mombasa, na hewa ya huku ina unyevu mwingi. Lakini kipimaunyevu ndani ya sanduku ninamohifadhi sigaa kilisoma asilimia 69, nami nikakiamini.

Siku moja nikakipima chenyewe. Unatia chumvi ya mezani kwenye kizibo cha chupa, unadondoshea maji kidogo hadi iwe kama uji mzito (isiyeyuke yote), kisha unaifungia pamoja na kipimo ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Baada ya siku nzima lazima kisome 75. Changu kilisoma 68! Maana yake sanduku lilikuwa na 76 halisi, na tumbaku ilikuwa imelowa.

Nikahamishia sigaa kwenye chombo cha plastiki chenye mfuniko wa kubana, nikaweka pakiti za kudhibiti unyevu za asilimia 65, nikasubiri wiki tatu. Kusubiri huko kulinitesa.

Safari hii nilivua pete za karatasi nisijue ipi ni ipi, nikavuta pafu moja kwa dakika. Ya kwanza ilinukia mbao za mwerezi. Ya pili kakao na kahawa iliyokaangwa sana. Nilizitambua zote mbili.