Kivuli cha Mkono wa Mjomba

Juzi, nilipokuwa nikichagua picha za onyesho la muziki, binti yangu alisimama nyuma ya kiti changu, akaonyesha ile ya mpiga dramu aliyeinua kijiti juu ya kichwa, akauliza: "Baba, ulijuaje kwamba atainua mkono saa hiyo?" Nikamjibu kwamba nilimsikia. Hakuridhika, kwani jibu lile lilikuwa na maelezo marefu yanayoanzia kwa mjomba.

Mjomba alikuwa mpiga dramu, nami nilikuwa mtoto wa kuchukuliwa kwenda mazoezini na kuketishwa kimya juu ya sanduku tupu la spika. Jioni moja chumba kilikuwa na taa moja tu, nayo iliwekwa sakafuni karibu na miguu yake, ikakitupa kivuli chake ukutani, kikubwa hadi kugusa dari. Niliacha kumtazama yeye, nikakitazama kivuli. Mkono ulipanda, na kule juu kabisa, kabla ya kushuka, ulitulia. Ulikuwa utulivu mfupi mno, lakini ulirudi kila mara, mahali palepale. Nikaanza mchezo wa kufumba macho mkono ukishuka na kuyafumbua ukifika juu, nikiyafuata mapigo ya dramu kubwa ambayo yalitetemesha hata mbao za sanduku nililolikalia. Nilipoupatia mchezo ule, mkono haukushuka tena: ulibaki umeinuliwa, ukionekana na kutoweka, ilhali dramu zilikuwa zikilia vilevile. Mjomba alidhani macho yananiuma, akausimamisha wimbo ili aje kuniangalia. Nilipomweleza, aliniambia, "Basi endelea, mwanangu, ila usichelewe pigo."

Kamera ilikuja miaka mingi baadaye, na mambo ya lenzi na mwanga nilijifunza kama wengine wote. Ukumbini, ambako mwanga ni hafifu na mara nyingi flashi hairuhusiwi, huenda ukalazimika kuiacha shata, kile kifuniko cha ndani ya kamera kinachofunguka kupitisha mwanga, ikiwa wazi kwa 1/30 ya sekunde. Kwa kasi hiyo mkono unaoshuka hugeuka ukungu, ila uliotulia kule juu unaweza kutoka safi. Tena, tangu jicho lione hadi kidole kiitikie hupita takriban 1/5 ya sekunde, na wimbo wenye mapigo 120 kwa dakika una nusu sekunde tu kati ya pigo na pigo. Anayesubiri kuona ndipo abonyeze amekwisha kuchelewa. Aliyeyashika mapigo hubonyeza mapema kidogo.

Ansel Adams, mpiga picha Mmarekani aliyejifunza piano kwa miaka mingi kabla ya kuchagua kamera, aliilinganisha negativu, ile filamu iliyosafishwa ambayo picha huchapwa kutoka kwayo, na nota za mtunzi, na uchapaji wa picha na upigaji wa muziki wenyewe. Ninamheshimu sana, lakini kwangu muziki hutangulia hata negativu.

Ndiyo maana huwahimiza vijana ninaofanya nao kazi kuhesabu mapigo kabla ya kuinua kamera. Hata hivyo, mmoja wao, ambaye hata kupiga makofi kwa kufuata wimbo humshinda, hupata picha za waimbaji zinazozipita zangu, kwa sababu yeye hutazama kifua kinavyojaa pumzi. Nikizitazama picha zake, sina hakika tena kama nilichokipata kwa mjomba ni muziki, au ni ile ruhusa ya kukaa na kumtazama mtu kwa muda mrefu bila kuulizwa ninatazama nini.