Bahasha tuliyokuwa tukiitupa

Ni saa sita usiku. Kondele imetulia na mvua iliyotoka ziwani imekatika. Kompyuta nimeshaizima, ila moyo bado uko kazini.

Ushirika ninaouhudumia hapa Kisumu una anwani tatu za barua pepe: mikopo, malipo na malalamiko. Zote huishia kwenye kisanduku kimoja cha karani wetu. Juzi alinipigia simu. "Mwanangu, kuna mkulima anasema alitulalamikia wiki tatu zilizopita. Barua ninayo, lakini nilidhani ni nakala tu." Mkulima alikuwa ameiweka anwani ya malalamiko kwenye nakala fiche (Bcc), kwa hiyo haikuonekana popote ndani ya barua. Niliona haya, maana mpangilio ule niliufanya mimi.

Barua pepe ina bahasha yake, kama ya posta. Seva husoma bahasha kujua ampelekee nani. Mstari wa "To" ulio ndani ni maandishi tu. Sasa, Postfix, programu inayopokea na kusafirisha barua kwenye seva yetu, ikishageuza malalamiko kuwa anwani ya karani na kuikabidhi barua kwa Dovecot, programu inayotunza visanduku, kwa njia ya LMTP (lugha ya kukabidhiana barua), ile bahasha ya kwanza haipo tena. Mtu alichagua mlango wa kubisha, nasi tukaufuta.

Dawa yenyewe ni fupi. Kwenye master.cf, moja ya faili za mipangilio ya Postfix, mstari wa lmtp, nimeongeza flags=DO. Hiyo O huandika juu ya barua mstari wa X-Original-To, yaani anwani kama ilivyofika kwetu. Inataka Postfix 3.5 au mpya zaidi. Yetu ilikuwa kuukuu, na kuipandisha ndiko kulikomaliza jioni yangu. Kisha kwenye main.cf, faili nyingine ya mipangilio, nikaweka lmtp_destination_recipient_limit = 1, yaani kila makabidhiano yawe ya mpokeaji mmoja tu. Hili nusura nilipuuze. Lakini barua moja ikikabidhiwa kwa watu watano kwa mkupuo, mstari huo umtaje nani? Na ukiwataja wote, waliofichwa wanaanikwa. Heri kila mmoja apewe nakala yake.

Nilijaribu kwa simu yangu, nakala fiche kwenda malalamiko. Mstari ukatokea.

Zilizobaki ni barua za nyuma, ambazo bahasha zake hazirudi. Nashukuru kumbukumbu za seva huandika orig_to, anwani ya awali, kila lakabu (anwani inayoelekezwa kwa nyingine, kama malalamiko) inapogeuzwa, na sisi huzihifadhi wiki nne. Nimezipekua: barua sita zilikuja kulalamika na hakuna aliyejua. Asubuhi nampelekea karani orodha, ya yule mkulima ikiwa ya kwanza.